Kichwa Kilichonyolewa Kabla ya Kilio

Godefroid Banza alikuwa na nywele nzuri, hilo sitamnyima. Mengine yote ninaweza kumnyima. Zilikuwa nyeusi na nene, na kila asubuhi alizigawa kwa kitana upande wa kushoto, kisha akausafisha mstari ule kwa wembe na kusimama mbele ya kioo cha dada yangu mpaka chai ikapoa. Zama zile, hapa Élisabethville, karani asiye na mstari kichwani alionekana kama mtu aliyeokota kalamu njiani. Godefroid alikuwa karani kweli, katika nyumba moja ya biashara ya Wabelgiji karibu na posta, na alitaka kila mtu alijue hilo, hata kuku wetu.

Mimi ni Hortense, dada mkubwa wa Constance, mke wake. Tulikaa nyumba jirani huko cité Kenya, mtaa wa Waafrika wa mji huu, ua mmoja, bomba moja la maji. Mume wangu alikufa kazini mgodini, nikabaki na cherehani yangu barazani, nashona nguo za watu. Kutoka pale nilimwona Godefroid akitoka na akirudi, nikasikia alichosema na alichojisemea. Kwa hiyo asiniulize mtu nimeyajuaje haya.

Alizaliwa upande wa Kabongo, kaskazini, mtoto pekee aliyebaki hai wa Mama Ngoie. Baba yake aliondoka kwenda kujenga reli na hakurudi. Mama alilima mihogo, akaikausha, akaiuza, akampeleka mtoto kwa mapadri, na mapadri wakamrudisha akiwa na Kifaransa, mwandiko mzuri, na shingo ngumu. Alipopata kazi mjini alimleta mama yake, na hapo alifanya kama mtoto anavyopaswa kufanya. Mama Ngoie akakaa kwake miaka mingi. Alikuwa na mkeka wake, kiko chake cha tumbaku, na jiko la mkaa nje ya mlango. Jioni tulikula bukari, ndio ugali, na sombe ya majani ya mihogo pamoja, mimi na yeye, kwa mkono, pale pale chini. Alikuwa mwanamke wa kucheka.

Kisha serikali ikaleta ile kadi ya immatriculation. Wazee wanaikumbuka, vijana wanadhani tunatunga. Ilikuwa kadi ya Mwafrika ambaye Wazungu wameridhika kwamba amestaarabika. Ili kuipata, ulipeleka ombi lako, halafu tume ya Wazungu ilikuja nyumbani kwako kukutazama unavyoishi. Walifungua kabati, walifunua shuka za kitanda, walitembelea choo. Walimuuliza mke wako kama anakula mezani pamoja nawe, na anashika uma kwa mkono gani. Watu wazima, wenye watoto na heshima zao, walikubali kuchunguliwa choo ili waambiwe ni watu.

Godefroid aliitaka kadi ile kuliko pumzi. Na alichokitaka hasa ni kidogo mpaka aibu kukitaja: alitaka Mzungu amwite monsieur, na amwambie vous, ile "wewe" ya heshima ambayo Wazungu huambiana wenyewe kwa wenyewe. Sisi walituambia "tu", ile "wewe" nyingine ya Kifaransa, ya watoto na ya mbwa. Mkurugenzi wake alimwambia "tu". Mke wa mkurugenzi alimwambia "tu". Hata mtoto wao, ambaye alikuwa bado anajisaidia katika nguo, alimwambia "tu".

Akapeleka ombi. Jambo la kwanza alilofanya baada ya hapo lilikuwa kumwondoa mama yake.

"Mama, wende kidogo Lukafu, kwa Régine," alimwambia, naye anatazama ukuta. Régine ni binamu yake aliyeolewa huko. "Hewa ya huko iko muzuri. Utapumzika."

"Mi sichoki, mwana wangu," Mama Ngoie akasema.

"Wende tu, mama."

Hakumwambia kwamba kiko chake kinanuka, wala kwamba mkeka wake utawachukiza Wazungu wa tume. Alimpeleka mwenyewe mpaka kwenye lori la barabara ya Kasenga, lile linalopita Kasomeno na kukata kwenda Lukafu, akampungia mkono kwa leso nyeupe. Mkeka aliusukuma nyuma ya choo. Mimi niliutoa, nikaukung'uta, nikauweka chumbani kwangu.

Nyumba ikawa shule. Constance alifundishwa kula ndizi kwa kisu na uma. Jaribu, wewe unayesoma hapa, uone kama utashiba. Alifundishwa kusema "je vous en prie" na "asseyez-vous", yaani tafadhali na kaeni kitako, akawa anayasema hata kwa mwanamke anayeuza mkaa. Godefroid alirudi kutoka kazini na kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimfanya aruke kutoka kitini na kufunga kifungo cha koti. Tume ilikuwa imesema itakuja. Siku gani, haikusema. Hiyo ndiyo iliyomla.

Nywele zikaanza kuanguka.

Constance ndiye aliyeona kwanza, asubuhi, juu ya mto. Alidhani ni panya wameingia. Kisha akaona nyuma ya sikio la mumewe mahali peupe pa mviringo, laini kama ganda la yai. Mwezi haukuisha, pakatokea pengine, na hapa palikuwa juu ya mstari wenyewe, ule mstari wa karani. Godefroid alishika kioo kwa mikono miwili na hakuenda kazini siku ile. Alituma habari kwamba ana malaria.

Sasa, mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya wenzake wa chama cha wale walioitwa évolué, Waafrika waliohesabiwa kuwa wameendelea, amevaa tai, akatoa hotuba ndefu juu ya ujinga wa kuamini uchawi. Walimpigia makofi. Lakini mara tu nywele zilipoanguka, mtu wa kwanza aliyemshuku alikuwa Nasoro, kinyozi wake, Mwislamu wa Maniema aliyekuwa na kiti na kioo karibu na soko. Eti Nasoro ameweka nywele zake mahali, ameuza, amezifanyia dawa. Akaenda kunyolewa mstari, na alipomaliza akapiga magoti katika suruali yake ya pasi, akaokota nywele zake moja moja chini na kuzifunga katika leso.

Nasoro akamtazama. "Monsieur Banza, nywele yako mi nitaifanya nini? Nitakulia nayo bukari?"

Watu waliokuwa wanangoja zamu walicheka mpaka machozi. Lakini Nasoro naye si malaika. Alipoona mteja ana hofu na mfuko, alimtolea chupa ya dawa aliyoitengeneza mwenyewe: mafuta ya taa, ndimu, na kitunguu saumu, vimekaa juani. Godefroid alijipaka asubuhi na jioni. Alinuka kama taa. Katika ua wetu hakuna aliyewasha jiko akiwa karibu, na mkurugenzi wake akaamuru dirisha la ofisi lifunguliwe. Dawa ilimchubua ngozi, na pale palipochubuka nywele chache zilizobaki zikafuata.

Akanunua pomadi kwa Mgiriki mwenye duka, kopo la njano lenye picha ya bibi wa Kizungu ambaye nywele zake zinafika magotini. Alipaka lile kopo lote. Aliota vipele. Nilimwambia kwamba kama pomadi ile ingeotesha nywele, mikono ya Mgiriki ingekuwa kama ya nyani. Tangu alipopeleka ombi alijifanya hasikii neno langu lolote lisilosemwa kwa Kifaransa.

Mwisho akaenda hospitali. Constance aliniomba nimsindikize, maana aliogopa mumewe atarudi na uongo. Daktari alikuwa Mbelgiji kijana, mwenye uso mwekundu, na Kiswahili alichojifunza kwa watumishi wake. Alitazama kichwa cha Godefroid kwa kioo cha kukuza, akabonyeza hapa na pale, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Unaogopa nini?"

"Rien, docteur," Godefroid akasema. Hakuna kitu. Mikono yake ilikuwa inazungusha kofia.

Daktari akatueleza. Ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu alieleza vizuri, nami nilielewa, hata hizo glande, ambazo ni tezi. "Juu ya figo yako iko glande mbili, kidogo kidogo. Muntu akiogopa, zinamwanga maji yake mu damu. Kama ni siku moja, iko muzuri, utapata nguvu ya kukimbia simba. Lakini kama unaogopa asubuhi, unaogopa magaribi, kila siku, maji ile inamwangika tu, na mwili inavurugika. Bengine banaharibika tumbo. Bengine banakosa usingizi. Weye, inaanguka nywele."

"Na dawa, docteur? Nilisoma mu gazeti. Cortisone."

Daktari akacheka, si kwa ubaya. "Cortisone iko. Na yenyewe inatoka mu glande ile ile, sasa banaitengeneza mu usine, mu kiwanda. Bulaya banaijaribu ku bantu ba nywele kama weye. Lakini hapa tunayo kidogo sana, ya bagonjwa ba kweli. Weye toa woga. Woga ikienda, nywele itarudi peke yake."

Nilikaa kwenye benchi nikatamani kucheka kwa sauti. Mwili wa mtu huyu umejaa maji ya woga mpaka yanasukuma nywele nje, naye anaomba achomwe sindano ya maji mengine kutoka tezi ile ile, kwa sababu tu yameandikwa gazetini. Na daktari, na vitabu vyake vyote, alimwambia atoe woga kana kwamba ni koti. Hakumuuliza nani amemtia woga huo. Angeuliza vipi? Wale wa tume walikula naye chakula Jumapili. Na kwa muda wote ule alimwambia weye, ambayo kinywani mwake ni "tu" ile ile.

Unadhani Godefroid alirudi nyumbani kimya? Alirudi amevimba. Alimwambia kila mtu bombani kwamba ana ugonjwa wa glande, kwamba ni ugonjwa wa wasomi, kwamba watu wanaotumia mikono hawaupati. Alilitamka neno cortisone kama mtu anayetaja jina la mjomba tajiri. Hata ugonjwa alitaka uwe wa Kizungu. Mimi nilikuwa na jina langu la maji yale yaliyokuwa yanammwagika. Nywele zake zilianza kuanguka baada ya lori la Lukafu kuondoka na mama yake, wala si kabla. Lakini hilo daktari hakuliuliza, na yeye hakulisema.

Kisha ikaja habari: tume itafika Jumanne asubuhi.

Wakati huo kichwa chake kilikuwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Alikuwa anavaa kofia ndani na nje, mpaka mwenzake wa chama alipomwambia kwamba mtu anayepokea wageni nyumbani na kofia kichwani, tume inamkata pale pale, ni mshenzi. Godefroid alikaa na hilo. Akafikiri. Mkurugenzi wake alikuwa na upara unaong'aa, na watu wote walimwinamia. Basi naye atanyoa kichwa chote, king'ae, na tume itaona mkurugenzi mweusi.

Constance alimshika mkono. "Baba Simone, usinyoe. Bantu batasema nini?" Simone ndiye mtoto wao.

"Bantu gani? Bale ba mila? Sisi hatuko tena mu mambo ile."

Ni lazima niseme hapa, kwa wasiotujua, mila hiyo ni nini. Kwetu mtu hanyoi kichwa chote kwa kupenda. Ananyoa kwa sababu amefiwa, na mwanamume mzima aliyenyoa mpaka ngozi amefiwa na mzazi. Mimi nilinyolewa mume wangu alipokufa. Mtu akiona kichwa kile, haulizi kama kuna msiba. Anauliza ni nani. Godefroid alilijua hilo vizuri kama jina lake. Aliamua kutolijua.

Jumamosi akaketi kwa Nasoro. "Nyoa yote."

Nasoro akashusha mkasi. "Nani alikufa?"

"Hakuna. Nyoa tu."

Nasoro akanyoa, na alipomaliza akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama tunavyompa pole mfiwa asiyeweza kusema. Godefroid aliuvuta mkono wake na kuondoka. Kufika jioni soko zima lilikuwa na habari.

Jumapili tukaenda misa. Kanisani mwanamume havai kofia, Mzungu au Mweusi, msomi au mpagazi. Godefroid alikaa mbele, kama kawaida yake, na alipovua kofia niliwasikia wanawake wa upande wetu wakivuta pumzi. Aliyenyoa ana mzazi mmoja tu aliyebaki. Mzazi huyo haonekani mjini tangu muda. Watu walihesabu wenyewe. Floribert, binamu yake, mfanyakazi wa reli, mtu mnene mwenye machozi ya karibu, alianza kulia wakati wa mahubiri, na padri akadhani ni mahubiri yenyewe.

Nje ya kanisa Floribert alimkamata koti. "Godefroid. Mama iko wapi?"

"Iko Lukafu."

"Iko muzima?"

"Muzima."

"Na kichwa hii?"

Hapo ndipo angeweza kuokoa kila kitu. Angesema, "Nywele zangu zimeanguka vipande vipande, ninaona haya." Neno dogo. Lakini pale walikuwepo makarani wenzake na wake zao, na wawili walikuwa wameomba kadi pia. Godefroid alinyoosha tai. "Iko mambo ya glande," akasema, akapanda baiskeli.

Mimi niliwaambia ukweli. Nilisema: jamani, ni mapunye ya woga tu, mama hajafa. Hakuna aliyenisikiliza, na siwalaumu. Kati ya mtu anayenyoa kwa sababu ya figo na mtu anayenyoa kwa sababu ya mama yake, wewe ungeamini yupi? Walichoamini ni kwamba Mama Ngoie amekufa Lukafu, na mwanawe amemzika kimya ili Wazungu wasikute kilio nyumbani kwake. Na kusema kweli, waliomdhania hivyo walikuwa wanamjua. Floribert akampa dereva wa lori la Kasenga ujumbe upelekwe kwa Régine, kwamba kuna kilio kwa Godefroid, watu waje na lori la Jumanne. Jina la marehemu hakulitaja, maana alidhani Lukafu wanalijua; alilia alipokuwa akiusema, na dereva hakuuliza zaidi.

Jumanne ikafika. Nilikuwa ndani, Constance ameniomba nilete sinia ya kahawa, nimevaa gauni langu nililolishona mwenyewe, ambalo lilikuwa zuri kuliko la bibi wa tume. Tume ilikuwa bwana mmoja mzito, ndiye président, mwenyekiti wao, aliyejifuta shingo kwa leso, na bibi mwenye glavu nyeupe. Walifungua kabati. Walitazama uma, wakazigeuza. Bibi alienda chooni akarudi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Constance alisema "asseyez-vous" bila kukosea. Président akauliza kama kuna jamaa wengine wanaoishi humo.

"Non, Monsieur le Président. Mimi, mke wangu na mtoto wangu tu."

"Très bien, Monsieur Banza," président akasema. "Vous avez une maison très propre." Nyumba yenu ni safi sana.

Vous. Niliona uso wa Godefroid. Ngozi yote ya kichwa kile kilichonyolewa ilisogea nyuma kwa furaha. Nilimwonea huruma wakati ule, kidogo tu, kisha ikapita.

Maana hapo hapo tukasikia sauti kutoka barabarani. "Yoo, Mama Ngoie! Yoo, mama yetu!" Floribert mbele, na nyuma yake ukoo wote wa Kenya, wa cité Albert na wa kambi ya reli, wanawake wameshika vichwa, wanaume wamebeba mikeka na kuni. Waliingia uani bila kubisha, kwa sababu kwenye kilio hakuna anayebisha. Wakatandika. Wakawasha moto. Mwanamke mmoja akajitupa chini mbele ya mlango akajipaka vumbi. Godefroid alitoka akawaambia waondoke, na alivyochanganyikiwa aliwaambia kwa Kifaransa. Wao wakaona uchungu umempanda akilini, wakalia zaidi.

"Nani amekufa?" président akauliza.

"Personne, Monsieur le Président. Hakuna."

"Hakuna," président akarudia, akitazama ule umati.

Na lori la Kasenga likasimama.

Aliyeshuka alikuwa Mama Ngoie. Dereva alimshika kiwiliwili akamteremsha. Lukafu walimfikishia ujumbe kama ulivyotumwa, kilio kwa Godefroid, na yeye alisikia kile ambacho mama yeyote angesikia. Alikuwa amelia njia nzima, kutoka Lukafu mpaka mjini, mpaka sauti imekwisha. Na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa mpaka ngozi. Mwanamke yule mzee alikuwa amemwita Régine na wembe kabla hata hajauliza lori linaondoka lini.

Kilio kilikatika. Mwanamke aliyekuwa mavumbini aliinuka akakaa. Mama Ngoie aliona mikeka, akaona moto, akatafuta jeneza kwa macho, kisha akamwona mwanawe amesimama mlangoni na tai. Alitembea mpaka kwake. Vichwa viwili vimenyolewa, kimoja kwa ajili ya kingine, na kingine kwa ajili ya kabati safi. Nilikuwa nimeshika sinia na nililia machozi yakaingia kwenye kahawa ya Wabelgiji, na sioni haya.

"Uko muzima," Mama Ngoie akasema. Akamshika mashavu. "Mwana wangu, uko muzima."

Bibi mwenye glavu akauliza, kwa Kifaransa, mwanamke huyu ni nani.

Godefroid hakufikiri hata kidogo. Ningemsamehe kama angefikiri. "Une voisine, Madame," akasema. "Mwanamke mzee wa kijijini. Jirani."

Constance alifunika uso kwa mikono. Mama Ngoie hakujua Kifaransa, lakini alimjua mwanawe, na alihisi shingo ya mtoto wake imekuwa ngumu chini ya vidole vyake. Akanigeukia mimi. "Hortense, anasema nini?"

Nilimwambia. "Anasema weye uko jirani."

Wapo wanaosema ningenyamaza. Wanyamaze wao.

Mama Ngoie hakupiga kelele. Alipitisha mkono wake taratibu juu ya kichwa cha Godefroid, akazigusa zile sehemu laini zilizokuwa laini hata kabla ya wembe, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akitafuta chawa kwake alipokuwa mdogo. Kisha akasema, na ua mzima ukasikia:

"Basi ulishaninyolea. Siku nitakufa ya kweli, usinyoe tena."

Akaniomba mkeka wake. Nikautoa chumbani kwangu, na kuanzia siku ile aliishi kwangu.

Président alivaa kofia yake mlangoni. Alisema kwamba mwombaji bado hajajitenga na desturi, na kwamba, jambo baya zaidi, ameidanganya tume. Hilo la mwisho alilisema kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeibiwa. "Tu comprends, Godefroid?" akamuuliza. Unaelewa, wewe? Tu, kama zamani. Alimkana mama yake kwa ajili ya neno moja, na neno hilo alikaa nalo muda wa kunywa nusu kikombe.

Mnajua kilichofuata? Daktari alikuwa amesema kweli. Hakuna tume tena ya kungoja, hakuna gari la kumrusha kitini, na zile tezi mbili zikatulia. Mwanzoni zikaota nywele nyeupe, laini kama za mtoto mchanga, pale pale palipokuwa na upara. Zikageuka nyeusi. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata kuisha alikuwa na kichwa kile kile cha zamani, kinene, na mstari wake upande wa kushoto. Watu walimpongeza. Nasoro alisema ni mafuta yake ya taa, na Mgiriki akaiweka pomadi dirishani. Godefroid mwenyewe aliendelea na kazi, akaendelea kuambiwa "tu", na kila jioni alipita mbele ya baraza yangu akasema, "Yambo, mama," na mama yake alimjibu, "Yambo," kwa adabu, kama unavyomjibu mtu wa nyumba ya pili.

Mama Ngoie alifariki miaka michache baadaye, wakati wa baridi, kwenye mkeka wake, akiwa ameshika kiko. Asubuhi ile ile Godefroid alikuja barazani kwangu. Alikuwa hana tai. Alipiga magoti mbele ya cherehani, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono na wembe.

"Yaya Hortense," akasema, yaani dada mkubwa, "uninyoe."

"Ulishanyoa," nikamwambia.

Akaenda kwa Floribert, na Floribert akalia lakini hakuupokea wembe. Akaenda kwa Nasoro, na Nasoro akageuza kiti chake ukutani. Neno la marehemu lilikuwa linajulikana na wote, na kwetu mtu hajinyoi mwenyewe. Basi alikaa kwenye kilio cha mama yake, kati ya vichwa vyetu vilivyonyolewa, na nywele zake nyeusi, nene, nzuri. Na jamaa waliofika kwa treni kutoka kaskazini, wasiomjua kwa sura, waliniuliza kwa sauti ya chini yule bwana mwenye nywele ni jirani wa nyumba gani.